Siku Saba za Kuomba Ufunguo

Ilikuwa, na kama haikuwa kuna mtu ataiandika, na ikishaandikwa itakuwa ilikuwa. Ndivyo mambo yanavyokwenda ndani ya Nyumba, kwa hiyo usiniulize mji gani wala mwaka gani. Nyumba yenyewe iko mtandaoni, maana yake iko kila mahali na huwezi kuipiga teke. Haina mwenye nyumba. Haikujengwa, iliandikwa: anayepita anaongeza ukurasa, ukurasa unakuwa chumba, chumba kinazaa mlango wa chumba kingine, na leo hakuna anayejua vyumba ni vingapi isipokuwa Karani. Karani naye ni roboti, ukimuuliza anakutajia hesabu ya dakika iliyopita. Wanaoandika humo wanajitolea tu. Ukiwauliza kwa nini, kila mmoja ana uongo wake. Huyu anapenda elimu. Yule anaitunza lugha. Ukweli ni kwamba wengi wao huko walikotoka hakuna anayewauliza wamekula nini, lakini humu ndani, weka nukta pasipo nukta uone. Dakika tatu hazipiti, mtu huyo, amekuja kubishana nawe. Na kubishana, bwana, ni namna mojawapo ya kuulizwa hali.

Machano alikuwa na miaka tisa humo, au siku moja ndefu, sijui, maana katika Nyumba jua halichomozi wala halizami. Muda unapimwa kwa masahihisho. Watu wanasema, "Tulijuana masahihisho elfu tatu yaliyopita," na wanaelewana. Sura hakuna. Mtu ni saini yake chini ya maneno yake, na ukisahau kutia saini basi umesema lakini hukuwepo. Nje ya Nyumba, kwenye mwili, Machano aliishi chumba kimoja ghorofani: meza, birika, kompyuta inayounguruma kama mashine ya kusaga, na viti viwili. Cha pili alikinunua kwa sababu muuzaji alimwambia vinakwenda jozi.

Machano huyu ndiye aliyeomba ufunguo.

Wenye funguo wanaitwa wakabidhi, kwa kuwa wamekabidhiwa. Mkabidhi ana uwezo wa mambo matatu: kufunga chumba kisiguswe, kumtoa mkorofi nje, na kufuta. Kufuta siyo kufagia. Chumba kikifagiwa, nyayo zinabaki. Kila chumba kina ngazi ya historia yake, unashuka kidato baada ya kidato unaona nani aliandika nini, mpaka siku kilipozaliwa. Kikifutwa, ngazi nayo inakwenda. Anayepita anaona ukuta, na ukuta hauna aibu, hausemi kwamba hapa palikuwa na mlango.

Hicho ndicho Machano alichokitaka. Cheo alikuwa hana haja nacho. Alitaka kufuta chumba kimoja tu, siku ya kazi, watu wakiwa na shughuli zao, kisha ufunguo autundike msumarini ushike kutu. Utasema, mbona asiombe wenye funguo wamfutie? Kwa sababu ukiomba chumba kifutwe, wanakaa kitako wanauliza. Nani alikiandika? Nani alikilinda? Na maswali hayo mawili yalikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe lilikuwa limeketi ghorofani linakunywa chai.

Sasa sikiliza desturi. Anayeomba ufunguo anasimama uwanjani siku saba. Anayetaka kumuuliza anamuuliza, chochote, naye lazima ajibu. Hapigi debe. Akimnong'oneza hata mtu mmoja "nimesimama, ndugu yangu," ameharibu. Anayempinga anasema napinga na sababu yake. Anayemuunga, na hii ndiyo desturi iliyoletwa na nani hakuna anayekumbuka, lazima aje amebeba chumba kimoja ambacho mwombaji amekitunza, akiweke hapo uwanjani mbele ya watu, aseme: hiki ndicho kilichonifanya nimwamini.

Siku ya kwanza Machano alisimama na hakuja mtu. Umewahi kusimama mahali ambapo kila mtu anaweza kukuona na hakuna anayekutazama? Siyo sawa na kuwa peke yako. Ukiwa peke yako unajikuna. Pale hujikuni, unajinyoosha tu, unaweka uso wa mtu anayestahili, na uso wenyewe hauna pa kukaa kwa sababu humu hakuna nyuso. Alisoma ombi lake mwenyewe mara arobaini. Akaona mahali pameandikwa "kwa moyo mkunjufu" akajichukia. Akafungua chumba kimoja cha mbali kuhusu aina za vifungo, akasahihisha, akarudi uwanjani. Hamna kitu. Jioni, yaani wakati tumbo lake kwenye mwili lilipoiita jioni, akaja Babu Heko.

Babu Heko anamuunga kila mtu. Aliwahi kumuunga mwombaji aliyekuwa amefungiwa kwa matusi. Akaweka chini chumba cha kwanza alichokikuta njiani, kumbe hata Machano hakuwahi kukigusa, akaandika: "Naunga, mpeni." Akaondoka.

Siku ya pili akaja Kibibi. Huyu alikuwa fundi cherehani huko kwake, anaandika vyumba vya nguo na vitambaa kati ya mteja na mteja, na maandishi yake yalikuwa na haraka ya mtu anayeshika pini mdomoni.

"Kaka Machano, mimi si mtu wa maneno," akaandika. "Hawa wengine watakusifu kwa vyumba elfu nne. Mimi nimebeba kimoja. Chumba cha Mwanatenga binti Sululu. Kila kikichafuliwa, ukienda dakika mbili baadaye unakuta Machano keshapita. Mtu anayeweza kumlinda mwanamke asiyeweza kumlipa chochote, mimi nampa ufunguo na nyumba yangu juu. Naunga."

Machano aliposoma jina lile aliondoa mikono mezani.

Wa tatu akaja na chumba hichohicho. Na wa nne. "Na mimi ni Mwanatenga, jamani, Kibibi kaniwahi." Wa tano, wa sita, mpaka wa kumi na mbili, wote wamebeba kilekile, wanakiweka juu ya kilekile, kama watu waliokuja harusini wote na birika. Elfu nne alizozifagia kwa mkono wake hakuna aliyeziona. Walichokiona ni kimoja, na kimoja hicho ndicho alichoombea ufunguo ili akifute.

Ngoja nikueleze kilivyozaliwa, maana aibu ya mtu ina haki ya kusimuliwa vizuri. Miaka tisa nyuma, kabla hajapata jina humu, akiwa bado mgeni wa namba tu, asiye na saini, Machano alikaa alasiri moja na kikombe cha chai na hamu ya kumtania mtu. Utani unataka wawili. Wa pili alikuwa hana, akaamua kuitania Nyumba. Akaandika aya nne. Mwanatenga binti Sululu, mpimaji wa umande. Alizaliwa katika mmojawapo wa miji miwili iliyokuwa inauana kwa ajili ya kisima. Alfajiri alikuwa anatandaza pamba kwenye sahani, jua likichungulia anaikamua vikombeni, akapima miji yote miwili mwaka mzima, akathibitisha kwamba mbingu inawagawia sawasawa hadi tone. Watu wakaona haya wakaweka mapanga chini. Mwisho akatia marejeo: *Daftari la Umande*, Matbaa ya Njiwa Wawili. Kitabu hakipo. Matbaa haipo. Njiwa wapo, ila hawachapishi. Kisha akajiwekea dau mwenyewe: chai haitapoa kabla hawajakifuta.

Chai ikapoa.

Wiki mbili baadaye mtu akamwandikia Mwanatenga matusi ukutani. Machano, sasa ana jina, akapita akayafuta, kama unavyomfuta mtoto kamasi njiani, huulizi ni wa nani. Kosa lilikuwa hapo. Mtoto ukishamfuta kamasi mara moja ni wako. Akawa anapita kila siku. Na wengine wakaja kuongeza, kwa nia njema, na nia njema ndiyo mbolea ya uongo: mmoja akampa Mwanatenga kaka, mmoja akasogeza mwaka wa kuzaliwa na kusema ana hakika, mmoja akamtia kilema mguu wa kushoto. Vyumba ishirini na sita vikafungua milango kuelekea kwake. Watu wakaanza kumtaja kwenye hotuba. Machano alipokuwa anataka kucheka alikuta hakuna wa kucheka naye, na utani usiochekwa ukikaa sana, bwana, unageuka kuwa historia.

Siku ya tatu uwanja ulikuwa kimya tena, kura zimetulia kumi na mbili, zinatosha kabisa. Machano alikuwa anamimina chai aliposikia mguu unaburutwa kwenye ngazi za ghorofa. Hatua nzima, hatua ya kuburuta.

"Hodi."

"Karibu, shangazi," akasema, kwa sababu umri wake ulikuwa wa shangazi, na kwa sababu hakutaka kusema jina.

"Shangazi wa wapi?" Mwanatenga akavuta kiti cha pili akaketi, kiti kikalia kwa mshangao. "Wewe ndiye uliyenizaa. Hujambo, baba?"

"Usiniite baba."

"Nikuite nani, jirani? Aya nne umenipa, mchoyo wewe. Hata mume hukuniandikia. Kaka nimepewa na mpita njia."

"Mguu unaendeleaje?"

"Wa kushoto? Unauma kukiwa na baridi. Yule aliyenitia kilema mwambie angalau atie na sababu. Watu wananiuliza nilianguka wapi, nabaki kuchekacheka kama mwizi."

Machano akampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akachungulia mvuke, midomo ikihesabu kitu.

"Ufunguo ni wa kunifuta mimi," akasema, na hakuwa anauliza.

"Siyo kwa ubaya."

"Eh, kwa ubaya nani anafuta? Watu wote wanafuta kwa wema. Sukari iko wapi?"

Wakakaa. Na hili Machano hakuliandika popote na hakumwambia mtu: ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote alizozikumbuka katika chumba kile. Walibishana kama chai inatiwa maziwa kabla au baada. Machano alimwambia anachukia neno "mkunjufu". Mwanatenga alicheka mpaka akashika ubavu. Alipoondoka, kiti cha pili kilikuwa na joto, na Machano akaweka kiganja juu yake mpaka joto likaisha.

Siku ya nne akaja Bi Shemsa.

Bi Shemsa ana ufunguo tangu Nyumba ilipokuwa vyumba sitini. Hajawahi kutumia alama ya mshangao. Wanasema aliwahi kumfuta binamu yake mwenyewe kwa kukosa umuhimu, kisha akaenda kumtembelea na ndizi. Akaandika:

"Ndugu Machano, nakushukuru kwa kazi yako. Swali langu ni dogo. Chumba cha Mwanatenga binti Sululu umekisafisha mara mia mbili na kumi na nne. Kimesimama juu ya kitabu kimoja. Nimekitafuta, sikukipata. Wewe umekisoma? Ahsante. Shemsa."

Mwombaji ana mpaka mwisho wa siku ya sita kujibu. Kibibi akaingia mbio: "Bi Shemsa, shikamoo, lakini jamani! Kitabu cha zamani hicho, utakipata wapi? Kaka Machano, mjibu tu tuendelee na kazi." Babu Heko akarudi akaandika tena "Naunga, mpeni," Karani akaifuta kwa kuwa ni ya pili.

Machano akaanza kuyapanga majibu kichwani. Nimekisoma. Hilo tu. Nimekisoma, na saini. Nilikisoma zamani. Nilikisoma kwa rafiki. Rafiki yupi? Rafiki alihama. Kitabu? Kililiwa na mchwa. Mchwa hawaulizwi. Nikisema nimekisoma napata ufunguo, nikipata ufunguo namfuta, nikimfuta sikudanganya, kwa sababu hakuna nilichodanganya juu yake. Unaona ilivyo safi? Uongo wa mwisho unakula wa kwanza halafu unajila wenyewe, anabaki Machano, mkabidhi, mtu mwaminifu. Anayelinda. Anayelinda nini? Ukuta. Na wakiuliza mbona umekifuta, nasema marejeo hayakutosha, na itakuwa kweli. Itakuwa kweli! Mtu anaweza kupita maisha yake yote juu ya mambo ya kweli kama hayo, asikanyage uongo hata mara moja, na asiwepo popote.

Siku ya tano hakulala wala hakuamka. Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa miaka tisa: akashika ngazi ya chumba cha Mwanatenga akashuka.

Ngazi ile kila kidato ni siku ambayo mtu aliandika kitu. Alivyoshuka, maneno yalimpukutika Mwanatenga moja moja. Hapa kilema kikatoka, akatembea sawa. Hapa kaka yake akapotea, akawa pekee. Hapa mwaka wa kuzaliwa ukarudi ulikokuwa. Na kila vidato viwili vitatu Machano alijikuta mwenyewe amesimama na ufagio, Machano wa mwaka jana, wa juzi, wa miaka mitano nyuma, wote wameinama, wote wanafuta matusi ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kumsalimu. Alijaribu. "Hujambo," akamwambia yule wa mwaka wa pili. Yule akamtazama kama unavyomtazama mgeni wa namba, akamchunguza mikono kama ameshika rangi, akaendelea kufagia.

Chini kabisa kulikuwa na kijana, ameketi mbele ya aya nne bado mbichi, kikombe mkononi, anacheka hadi mabega yanaruka.

"Unacheka nini?" Machano akamuuliza.

"Njoo uone. Njoo, njoo! Umeona hapo, Matbaa ya Njiwa Wawili? Sasa hivi watakuja kunikimbiza."

"Hawatakukimbiza."

"Watanikimbiza bwana, chai haitapoa."

"Imeshapoa."

Kijana akagusa kikombe. "Wapi! Ya moto hii." Na kweli ilikuwa ya moto, mvuke unapanda. Kule chini haipoi. Kule chini kila kitu kiko sekunde moja kabla ya kuchekwa.

"Hivi," Machano akasema, "mbona hukumwita mtu umwoneshe? Kitu kinachekesha namna hii."

"Nimwite nani?"

Machano akafungua mdomo ataje jina. Akatafuta. Kijana naye akasubiri, kwa heshima kabisa, kikombe hewani, kicheko kimesimama mlangoni, kama mtu anayengojea mwenzake akumbuke. Wakakaa hivyo wawili, mmoja ana miaka tisa zaidi ya mwenzake, na katika miaka yote hiyo tisa hakuna jina lililoongezeka. Mwisho kijana akasema taratibu, "Basi wewe umekuja. Cheka basi wewe." Machano akajaribu. Kilichotoka kilifanana na kikohozi. Akapanda ngazi.

Juu akamkuta Mwanatenga kwenye kiti cha pili. Ilikuwa siku ya sita, na siku yenyewe ilikuwa imebaki kipande. Kaka karudi, kilema kimerudi, ameuweka mguu juu ya sanduku.

"Nisikilize, baba," akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mimi sikuombi nibaki. Kubaki nako ni kazi, watu wananiegemea, na mimi ndani yangu mna aya nne. Lakini kuna kufa kwa aina mbili. Ukinifuta kimyakimya, mimi nitakuwa sikuwepo. Ukisimama ukasema ulinitunga, nitakuwa nilikuwa uongo. Unafikiri ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Uongo una mtu aliyeusema. Ambaye hakuwepo hana mtu kabisa."

"Ufunguo utakwenda."

"Utakwenda."

"Nao watakwenda. Wote. Nitabaki na nani?"

Kama aya zile nne zingekuwa na jibu la swali hilo Mwanatenga angempa, maana hakuwa mchoyo. Lakini Machano hakuwa amemwandikia jibu. Akanyanyua mabega tu, kwa huruma, akasogeza kiti karibu.

Machano akaandika:

"Bi Shemsa, sijakisoma. Hakipo. Nilikitunga, na yeye nilimtunga, nilipokuwa mgeni wa namba, kwa utani. Nikamlinda nikijua. Ufunguo niliutaka ili nimfute msijue."

Kisha saini. Saini ndiyo iliyomchukua muda. Maneno yalikuwa yameshakaa pale, yanang'aa, na bado yalikuwa hayana mtu. Angeweza kunyanyuka akaenda sokoni akayaacha hivyo. Akatia: Machano.

Mara paa likafumuka.

"Kumbe!"

"Miaka tisa tunalinda kivuli?"

"Mimi nimemtaja kwenye msiba wa mama mkwe! Watu walilia!"

"Atolewe nje, na ufagio wake."

"Nilikuwa najua. Ule mguu ulinitia shaka."

"Mguu niliandika mimi, nawe koma."

Kura zikaanza kuokotwa. Waliokuja wamebeba chumba wakaja kukikana, mmoja mmoja: naondoa, naondoa, naondoa. Kibibi hakusema sababu. Aliandika "Naondoa" na saini, akaenda. Bi Shemsa akaja wa mwisho.

"Ndugu Machano, ahsante kwa jibu lililo wazi. Napinga. Chumba nakifuta sasa. Shemsa."

Ghorofani Mwanatenga alikuwa anapuliza chai. Akasita. Akaushusha mguu kutoka kwenye sanduku, akaukunja, akaunyoosha, akatabasamu kwa mshangao.

"Baba," akasema, "umeacha kuuma."

Na kiti kikawa kiti.

Siku ya saba mwombaji anatakiwa abaki uwanjani hata kama kila mtu ameona mwisho wake. Ni desturi. Machano akabaki. Vyumba ishirini na sita vilivyokuwa vinamwelekea Mwanatenga vikafungwa milango, akavisikia kimoja kimoja. Hakuna aliyekuja kubishana naye. Alijaribu kwenda kwenye chumba cha vifungo akaweka nukta pasipo nukta, makusudi kabisa, akasubiri dakika tatu. Akasubiri kumi. Akairudisha mwenyewe.

Ndipo ukaingia ujumbe kwa Kibibi. Hakuuleta uwanjani, aliuweka kwenye ukurasa wa Machano mwenyewe, mahali ambapo mtu anagonga tu kama ana shida na wewe.

"Kaka Machano. Nina binti, ana miaka mitano. Nilijifungua peke yangu, aliyenipa mimba alishahama mji. Wiki nzima niko wodini sina mgeni, nikawa nasoma chumba kile kwenye simu, asubuhi nasoma, mchana nasoma. Nikampa mtoto jina la humo. Anaitwa Mwanatenga. Kila siku ananiuliza, mama, mimi ni jina la nani, nami namsimulia. Leo kaniuliza tena. Nimwambie nini? Usiniandikie pole. Pole ninazo kabati zima."

Maswali ya uwanjani yana sheria: unajibu kabla ya siku ya sita kwisha, unajibu kwa adabu, unataja kanuni. Hili halikuwa na sheria. Machano aliandika aya nzima kuhusu majuto akaifuta. Aliandika kwamba jina ni jina tu, akaifuta hiyo haraka zaidi. Akaandika kisa kipya, cha mwanamke mwingine wa kweli, mwenye marejeo, ambaye mtoto angeambiwa jina lake linatoka kwake, na kilikuwa kisa kizuri, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, alipofika aya ya nne akaona anafanya nini. Akafuta. Akanyanyuka akafungua dirisha. Mtu mmoja chini alikuwa anamwita mwenzake, "We! We! Umesahau kofia!" na mwenzake anarudi. Akafunga dirisha.

Akaandika: "Mwambie si jina la mtu. Yeye ndiye wa kwanza." Akatia saini.

Karani akaja kufunga uwanja. Roboti hana sauti ya huzuni wala ya furaha, anabandika tangazo tu: aliyeunga mmoja, Babu Heko, ombi limekataliwa, mwombaji anashukuriwa kwa moyo wake wa kujitolea, na anaweza kuomba tena baada ya masahihisho elfu mbili.

Machano alikuwa bado anasoma hesabu ile jibu la Kibibi lilipoingia.

"Nimemwambia. Amefurahi huyo, anatamba uani kama katawazwa. Lakini kura yangu sirudishi."